Niliukataa Uzio wa Miiba

Nimekosa! Naanza hivyo kabla sijajitetea, maana nimezoea mno kujitetea. Nisikilize mpaka mwisho ndipo unilaumu.

Nilikuwa afisa michezo wa serikali hapa Arusha, miaka ile ya ruksa, viwanda vya umma vilipouzwa, timu zake zikafa, na matajiri wakaanzisha za kwao. Kazi yangu ilikuwa kukagua viwanja kabla ya ligi ya mkoa. Kanuni ilikuwa fupi: uwanja uwe na uzio. Timu isiyo nao ingechezea mechi zake za nyumbani kwenye uwanja wa wengine.

Nilianza na timu ya tajiri mmoja wa vipuri vya magari, mtaa wa Sokon One. Jamani, nilivyopokewa! Kochi lilitolewa sebuleni likawekwa kando ya uwanja. Soda ya baridi, mbavu za mbuzi, jina langu linatangazwa kwa kipaza sauti! Mbele yangu ukuta wa matofali, mrefu, umepakwa chokaa. Nikaupitisha uwanja nikiwa nimekaa. Laiti ningeinuka! Ukuta ule ulikuwa wa upande wa barabarani tu. Nyuma kulikuwa wazi, mbuzi wanaingia na kutoka.

Kesho yake nikaenda Kisongo. Hapo ndipo roho inaponisuta, kwa sababu Kisongo ni kwetu.

Mwenyekiti wa timu alikuwa Lomayani, rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukala nyama porini pamoja. Wazee walikuwa wametoa sehemu ya malisho, akina mama wakaokota mawe, vijana wakazungusha miiba uwanja mzima kama boma. Hata kuku asingepenya.

"Sopai!" nikamsalimia Kimaasai, rika kwa rika.

"Ipa! Kagua, mwenzangu. Mwaka huu tunachezea nyumbani."

Sasa nikwambie ukweli. Wenzangu ofisini walishaanza kunitania kwamba Kisongo watapita tu, si afisa ni wa kwao? Maneno yale yalinichoma. Nikataka waone kwamba mimi sipendelei kwetu. Basi nikauzunguka uwanja wote, nikakuta kinyesi cha ng'ombe, nikakisukuma kwa ncha ya kiatu mbele za watu.

"Huu ni uwanja au zizi?" nikasema. "Miiba si uzio."

"Kanuni imesema uzio wa nini?" Lomayani akauliza, taratibu.

Haikusema. Nilijua haikusema!

"Usinifundishe kazi," nikamjibu, nikapanda gari la serikali.

Wakapangiwa kuchezea uwanja wa yule tajiri. Mechi za nyumbani, lakini wanazomewa kama wageni! Vijana walikata tamaa mmoja mmoja, na timu ikafa kabla ligi haijaisha.

Watu wa rika langu hawakunisema. Walichinja, hawakuniita. Waliozesha mabinti zao, hawakuniita.

Nimestaafu, nina nyumba Njiro, hapa mjini, lakini kutulia siwezi. Nakaa, nainuka, nafungua geti, nalifunga. Mke wangu ananiuliza kama nimekalia siafu. Nikisikia watoto wanacheza mpira njiani, naingia ndani na kufunga madirisha.

Mwezi uliopita nikasema liwalo na liwe, nikaenda Kisongo kuomba radhi. Uwanja nilikuta umelimwa maharage. Lomayani alikuwa anapalilia. Akanyanyuka, akafuta mikono kwenye shuka lake.

"Sopai," nikamwambia.

Hakuitikia Ipa kama zamani. Aliinamisha kichwa, vile watoto wa kwetu wanavyoinamia wakubwa wao.

"Shikamoo, mheshimiwa."

Ee Mungu wangu! Rika langu, aliyenyolewa nami jandoni, ananiamkia! Radhi niliyokwenda kuiomba sikuiomba. Na unajua nilijibu nini? "Marahaba!" Kwa mazoea ya ofisini, mjinga mimi. Akarudi kwenye palizi yake, nami nikageuka nikaondoka.

Ndugu yangu, kama umekabidhiwa kanuni uwapimie watu, wapimie wote sawasawa. Usiwapendelee wa kwenu, lakini pia usiwaonee wa kwenu ili usifiwe na wengine. Mimi niliogopa midomo ya watu wa ofisini. Juzi nilikutana na mmoja wao benki, akaniuliza eti mimi ni nani.