Mwaka wa Wali Mweupe

Mwaka ule nyumbani kwetu Brooklyn Center, huku Marekani, tulikula wali mweupe, sote pamoja na wajukuu, kwa sababu figo za mume wangu zilikufa na daktari alimkataza nazi. Kwetu mgonjwa hatengewi chungu. Mara tatu kwa wiki nilimpeleka hospitali kusafishwa damu. Asubuhi moja ya theluji akagoma kuondoka kitandani.

"Bibi wee, nimechoka na sindano. Niache."

"Sikuachi. Vaa viatu."

Nimelea wajukuu saba, nitashindwa na mzee mmoja?

Akanigeukia. "Na wewe wali wa nazi unautamani. Utajinyima kwa ajili yangu mpaka lini?"

Kweli nilikuwa nautamani, mpaka nauota. Nikamsogezea buti.

"Sikuachi. Vaa viatu."