Doriani Ndani ya Kanga

Wiki iliyopita, katika duka moja la vyakula vya Kiasia mjini Columbia, nilifungua friza nikitafuta samaki na harufu ikanipiga usoni: tamu, nzito, kama embe bivu lililolala na vitunguu. Nikafunga mlango wa friza haraka na kutazama huku na huku kama kuna mlinzi. Mtu mzima mwenye shahada, naogopa tunda! Hebu niwaeleze kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Bowie, mama na mimi, na mama alikuwa ndiyo kwanza amepata grini kadi, kibali cha kuishi hapa daima, baada ya kuisubiri miaka mingi. Miaka hiyo yote aliendesha gari polepole hadi watu wakampigia honi, na kila gari la polisi lilipotupita alishusha sauti, kana kwamba wangemsikia. "Kosa moja tu, mwanangu," alikuwa akiniambia, "wanatuondoa." Mimi nilizaliwa hapa hapa, hakuna ambaye angeniondoa, lakini hilo sikuelezwa, na hata ningeelezwa ningedhani ni mtego.

Safari ya kwanza baada ya kadi ilikuwa Singapore, kwa mama mdogo Rukia, aliyehamia huko na mumewe. Kabla hatujaondoka, jirani alituambia kwamba nchi ile ina sheria kali. Nilikaa ndani ya ndege mikono mapajani, nisije nikagusa kitu.

Siku ya tatu tulikwenda sokoni, mama na mimi tu. Alifurahi kuwaona Wachina, Wamalay na Wahindi wakibishana bei kwenye meza moja ya matunda. Alisema ni kama nyumbani Unguja, ila hapa pameoshwa. Kisha akasimama ghafla.

"Doriani!"

Sikuwahi kumsikia akipaza sauti namna ile mbele za watu. Alichagua moja, akalinusa, akalitikisa sikioni, akalifunga ndani ya kanga yake kama alivyokuwa akifanya bibi, ili miiba isimchome. "Rukia atalia," akasema.

Kwenye mlango wa stesheni ya treni palikuwa na bango la makatazo. Kuvuta sigara, kula, kubeba petroli: kila kosa na faini yake chini ya picha. Picha ya mwisho ilikuwa ya doriani, limekatwa kwa mstari mwekundu, na chini yake hapakuwa na faini yoyote. Fikirini nilivyofikiri. Kosa ambalo adhabu yake haiandikwi!

"Mama, tazama," nikasema kwa Kiingereza, maana Kiswahili nilikuwa nakielewa tu.

"Nimeona. Vituo vinne tu. Twende."

Ndani ya treni matangazo yalitolewa kwa lugha nne, na niliamini zote nne zinatusema sisi. Kanga haikuzuia kitu. Kijana mmoja alivuta fulana hadi puani. Bibi mmoja wa Kichina, aliyekaa mbele yetu, alivuta pumzi ndefu, akacheka.

"Aiya, madam, limeiva hilo! Wakikuona watakufunga!"

Watu wakacheka, na mama akacheka nao. Mimi niliyaamini maneno yake. Nilipiga hesabu zangu: anayekiri mwenyewe hupunguziwa. Milango ilipofunguka nikaruka nje, nikamshika mkono mzee mmoja aliyevaa sare ya stesheni.

"Mama yangu ana doriani. Tafadhali msichukue kadi yake."

Mama alitoka akinikimbilia. Alipoiona ile sare, kicheko kikamtoka usoni. Kabla hajaulizwa chochote alifungua mkoba, akatoa pasipoti na grini kadi, akazinyoosha kwa mikono miwili.

Mzee akarudi nyuma hatua moja. "Hapana, hapana, madam. Ni tunda tu. Toka nalo nje, ukae, ule."

"Chukua wewe," mama akasema. Akalitoa kwenye kanga, akamkabidhi, akakunja kanga.

Kwenye treni iliyofuata alitazama dirishani. "Umefanya vizuri," akaniambia, bila kugeuka.

Mama mdogo alitufungulia mlango pua ikiwa juu. "Dada! Nasikia harufu ya doriani! Liko wapi?"

"Tulipita karibu nayo tu, mdogo wangu. Yote yalikuwa mabichi." Akaenda kuifua ile kanga.

Nilishusha pumzi. Tumepona, nikajiambia.

Bibi, mama yao, alifariki Unguja mama akiwa bado anaisubiri kadi na hawezi kusafiri. Kisomo cha hitima alikisikiliza kwa simu, amesimama jikoni kwetu Bowie, na Rukia ndiye aliyeishika simu ya upande wa pili. Hadi safari ile walikuwa hawajaonana tena. Lile doriani lilikuwa la kula wao wawili, watoto wa bibi waliobaki, wakimkumbuka. Kwa miaka mingi nilidhani mama alimdanganya mdogo wake ili kuficha kosa lake. Nilikuwa chuoni nilipotambua kwamba alikuwa anaficha langu.