Vifungo mia tatu arobaini na kimoja

Saa kumi jioni. Wanafunzi wameshatoka, na mwalimu wa hesabu amebaki darasani na kopo la vifungo. Anamwaga vifungo kumi na vitatu mezani, anavipanga safu mbili. Kimoja kinabaki. Anavipanga safu tatu, kimoja kinabaki tena.

"Hii ndiyo namba tasa," anamwambia mgeni aliyekuja kumsikiliza. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ikiwa ndogo utaijua kwa macho. Ikiwa ndefu, utagawanya mpaka mvi zikutoke."

Zake zimeshatoka. Amehangaika miaka na miaka kutafuta njia ya mkato ya kuzipima namba hizo, na zamani hakuwa peke yake. Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa mpinzani wake. Jioni, mguu ukiwa kwenye cherehani, alimtupia namba: "Haya mwalimu, na hii je?"

Njia ya kwanza ilikuwa tamu. Unazidisha mbili kwa mbili, tena na tena, hadi hizo mbili ziwe nyingi kama namba unayoipima, kisha unatoa mbili. Jibu likigawanyika kwa namba yako bila baki, basi ni tasa. Kila aliyoijaribu ilikubali. Walimu wenzake walimpa hongera, wakaendelea na chai.

Mkewe hakumpa. Alimtajia mia tatu arobaini na moja. Mwalimu akapima, akatamka kwa kujiamini kwamba ni tasa.

"Mbona majoho ya kwaya niliyomaliza leo ni thelathini na moja, kila joho vifungo kumi na kimoja, na vyote mia tatu arobaini na kimoja vimeenea bila kubaki hata kimoja?" mkewe akauliza.

"Nilinuna siku mbili," mwalimu anasema, akicheka kidogo. "Chakula nilikula, lakini nilinuna."

Sasa mkewe ni marehemu, na cherehani imefunikwa shuka. Njia mpya ilikamilika baada ya msiba. Ina hatua ya pili, ya kuzinasa namba danganyifu kama ile. Haijashindwa hata mara moja, na hilo ndilo linalomnyima raha.

"Namba nachagua mimi, napima mimi, nashangilia mimi. Kinyozi hajinyoi."

Mwanawe wa pekee anaishi mbali. Akielezwa hesabu kwenye simu hungoja baba amalize, kisha huuliza: "Sawa baba, lakini umekula?"

"Anauliza kwa upendo," mwalimu anasema. "Ila simu ikikatika, nyumba inakuwa kubwa mno."

Shule zikifungwa atakwenda chuo kikuu, akae mlangoni kwa mhadhiri yeyote atakayekubali kuipitia kazi yake. Shati la safari ameshalipiga pasi. Anapoulizwa kama haogopi wakikuta kosa, anarudisha vifungo koponi, kimoja kimoja.

"Naomba walikute," anasema. "Hongera ninazo za kutosha. Tangu mama yule aondoke, hakuna aliyeniambia, 'Mwalimu, hapa umekosea.'"