Kidonge Nilichokiita cha Kichwa

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni Kamembe, maana huko wamekwisha kuitia chumvi mpaka eti nilikutwa na mfuko mzima wa dawa. Kilikuwa kidonge kimoja tu, tena cha kupewa.

Mnajua nilifiwa na mke nikakaa peke yangu, nikiwashonea suti watu wanaooa, halafu nikamuoa Espérance, ambaye nimemzidi umri kiasi ambacho wateja wangu hawachoki kukitaja. Ndipo rafiki yangu Kalume, anayefanya biashara mpakani Ruhwa, akanitilia mfukoni kidonge cha nguvu za kiume. "Mzee, hii ni ya kukusaidia tu," akasema. (Sikuwa nimelalamika popote, ila hofu nilikuwa nayo, na mwenye hofu haulizi maswali.) Jumamosi jioni Espérance akanikuta nakimeza, akauliza ni cha nini. Nikasema cha kichwa. Nikalala, nikalisahau neno lenyewe.

Kesho yake tulikuwa tunakwenda kwao, Nyakarenzo. Pikipiki zilituacha chini ya kilima, nami, kwa kutaka nionekane bado kijana, nikaweka katoni ya soda begani nikapanda mbele ya mke wangu, na tulipokaribia ua wa wakwe kifua kikanibana, jasho la baridi likanitoka, nikakaa chini katikati ya shamba la viazi la watu. Sasa kule kilimani mgonjwa hangojei gari: wanaume walikuja na ngobyi, ile machela ya kubebwa mabegani, wakanipokezana njia nzima hadi kituo cha afya, na nyuma wakafuata majirani kama desturi inavyotaka, mbele yao mama mkwe wangu, ambaye mpaka siku ile, kwa heshima, hatukuwa tumetazamana usoni.

Kituoni hakuna daktari, yuko nesi. Akampigia daktari wa hospitali, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa kwangu, simu akaiweka mezani ikisema kwa sauti ya kusikika na wote. Dirisha lilikuwa limejaa vichwa. Daktari akasema nipewe kidonge cha chini ya ulimi, cha kufungua mishipa. Nikafungua kinywa, nikainua ulimi.

"Ngoja kwanza," simu ikasema. "Uyo papa, tangu jana hakumezaka dawa ya nguvu za kiume?"

"Hapana, Dokta," Espérance akajibu kwa ajili yangu. "Alimezaka ya kichwa tu. Nilimuona na macho yangu."

Nami nikaitikia kwa kichwa, ulimi bado uko juu.

"Kama ni vile, umupe. Lakini kama anadanganya, pressure itaanguka na tutamupoteza."

Nesi akaleta mkono. Mama mkwe alikuwa ameshika miguu yangu juu ya blanketi, anasali. Nikaogopa kufa, lakini nawaambieni kweli, kwa muda nilimwogopa yeye zaidi. Kisha nikafunga mdomo.

"Papa, fungua."

"Haikuwa ya kichwa," nikasema polepole. "Ilikuwa ile nyingine."

"Sisikie," simu ikasema. "Aseme kwa nguvu."

Basi nikasema kwa nguvu, nikitaja kazi ya kidonge na siku niliyokimeza, na pale dirishani mtu mmoja mwema akawatafsiria kwa Kinyarwanda waliokuwa nyuma. Mama mkwe akaiachia miguu yangu, akajifunika kitenge uso mzima, akatoka nje.

Nilipewa dawa nyingine, nikapelekwa hospitali, nikapona. Daktari yule yule alinieleza kwamba ukuta wa ndani wa mshipa wa damu hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki, ambayo huiambia misuli ya mshipa ilegee ili damu ipite, na yenyewe hutoweka mara moja. Kidonge cha chini ya ulimi huiongeza gesi hiyo. Kidonge cha Kalume huuzuia ujumbe wake usifutike. Vikikutana, mishipa inalegea kupita kiasi, damu inakosa msukumo, na moyo wenyewe unakosa damu. Nililifikiria sana jambo hilo. Mwili wangu wote ulikuwa unasikiliza ukweli wa kitu nilichomeza, na mimi pekee ndiye niliyekuwa nauficha.

Siku tunarudi nyumbani Espérance alitembea mbele yangu bila kugeuka. Nikadhani ana hasira ya aibu, nikaanza kuomba msamaha kwa ajili ya mama yake na majirani.

"Aibu ya bantu si kitu," akasema. "Daktari aliuliza, na mimi njo nilijibu. Ungekufa pale, ni kinywa yangu ingekuwa imekuua."



Siku hizi nikifika kwa mganga yeyote, hata kwa jino, natangulia kutaja kila nilichomeza, kwa jina na kwa kazi yake, kwa sauti. Akina mama kwenye benchi hugeuka kunitazama. Espérance, akiwa pembeni yangu, huwatazama wao mpaka wainamishe macho.