Ukuta wa Wavuvi Haukupasuka

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya urbanisme ya Uvira, ile inayosimamia ujenzi wa mji, shefu wa biro, mkuu wetu wa kazi, alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Weye utapanda juu ya nyumba na kikwembe?"

"Nitapanda, shefu," nilimjibu, nikikaza kitenge changu kiunoni.

Na siku hiyohiyo nilipanda. Kazi yetu iliitwa releve: kupima jengo lililokwisha kusimama na kulichora upya, hadi unene wa kuta zake. Wageni huja Uvira kutazama ziwa, wakaupa mji mgongo. Mimi nilijifunza kuusoma mji: mapaa bapa ya saruji, ngazi za kuzunguka, na klostra, yaani matofali yenye matundu yanayoingiza upepo na kuacha jua nje.

Jengo nililolipenda kuliko yote ni ukumbi wa sherehe karibu na mto Mulongwe. Ukuta wake wa mbele una picha ya wavuvi wakivuta nyavu, imepangwa kwa vipande vya vigae. Fundi aliyeibandika alikuwa mzee wa kijiji cha Lubarika.

Miaka ikapita, akaja shefu mwingine. Alitaka ukuta ule ubomolewe, viwekwe vioo mahali pake. Akaniita.

"Andika kwamba ukuta umepasuka, ni hatari kwa watu."

Nilikuwa nimeupima wiki ile, sikuona ufa hata mmoja. Timazi, ile kamba yenye risasi ya kuonyesha wima, haikuachana na ukuta hata unene wa kidole.

"Haujapasuka, shefu. Siandiki."

"Basi utaenda Kiringye kupanda mawe ya mipaka mu mashamba."

Jumamosi kabla ya kuondoka niliwakusanya wanafunzi wa shule ya ufundi, tukatembea kwa miguu tangu mtaa wa Kimanga, jengo kwa jengo. Tulipofika ukumbini tulimkuta mzee fundi, niliyekuwa nimemtumia habari kwamba ukuta wake utabomolewa. Shefu naye, bila kungoja ripoti, akaja na vibarua wenye nyundo.

"Nani alikupa ruhusa?" aliniuliza.

"Ya kutembea barabarani?"

Mzee akaweka kiti chake mbele ya ukuta, akaketi. "Minye nilibandika kila kipande na mikono yangu," alisema. "Kama iko mbaya, munionyeshe fasi iko mbaya."

Wanafunzi wakasogea, wakajipanga pande zake mbili, wakafungua madaftari na kuanza kuchora. Vibarua walitazamana. Mkubwa wao akamwambia shefu, "Huyu ni muzee wetu. Sisi hatutamupita." Wakaondoka na nyundo zao.

Kiringye nilikwenda hata hivyo. Miaka minne nilikanyaga matope ya mipunga, na sikuwahi kuomba radhi. Niliporudi ukuta ulikuwa umesimama. Mzee ndiye aliyekuwa amefariki.

Sasa nimestaafu. Jumamosi bado ninawatembeza vijana mji mzima, na mara nyingi huniuliza, "Mama, usanifu gani iko hapa kwetu?" Ninawaambia wavae viatu vizuri, tuanze.

Siku ya kuniaga, ofisi ilinipa cheti kilichoandikwa kwamba nilitumika "kwa bidii na utii." Wakanipa daftari nitie sahihi kuwa nimekipokea. Nilikiweka cheti mezani, nikakata neno utii kwa mistari miwili, ndipo nikatia sahihi.