Mama Bado

Niliipiga teke ndoo ya mke wa sajini meja. Ilikuwa imejaa. Maji yakamrukia miguuni, yakawalowesha wanawake waliokaa chini wakingoja zamu, na ndoo yenyewe ikabingirika mpaka mtaroni. Bomba likaendelea kumwaga maji chini. Hakuna aliyeinuka kulifunga. Mwanangu alikuwa mgongoni, amelala, hajui mama yake amefanya nini.

"Mama Bado," mke wa koplo mmoja akaninong'oneza, "leo umejimaliza."

Laiti ningekuwa nimejimaliza mimi.

Kambi yetu ilikuwa nje ya Kibondo, kambi ya mabati iliyojengwa haraka kwa sababu ya wasiwasi wa mpakani, na bomba lilikuwa moja. Lilifunguliwa alfajiri na kufungwa askari wakitoka gwarideni. Nilipofika pale mara ya kwanza nilipanga debe langu kwenye foleni kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, nikashangaa kila anayekuja anaweka ndoo yake mbele ya yangu. Hawakunitukana. Hata kunitazama hawakunitazama. Pale haikuangaliwa nani kafika kwanza. Iliangaliwa mumeo ana nini begani, na wangu begani hakuwa na kitu. Mke wa sajini meja alikuja wa mwisho kila siku, anaburuta ndala, na ndoo zake zilitangulia zote.

Nilimlalamikia mume wangu. Ni mtu mpole, mpole hadi anakera. "Vumilia," aliniambia. "Hata mimi kule uwanjani nasimama nyuma."

"Wewe ulikula kiapo. Mimi sikula."

Akacheka. Akachukua debe akaenda kunitekea mwenyewe kisimani, bondeni, mbele ya wenzake wote waliokuwa wakimzomea. Kwa hiyo nikavumilia.

Nimetoka Kasulu. Nilisoma hadi kidato cha nne, jambo ambalo mtaani kwetu wasichana wachache walilipata, na nafasi ya chuo cha ualimu nilikuwa nimeipata pia. Nikaiacha nikaolewa. Mama yangu alisema maneno machache tu: "Ukiolewa na askari, umeolewa na watu wengi." Nilidhani ni wivu wa wazee. Mimba ilipokomaa nilirudi kwake nikajifungulia Kasulu, mtoto wa kike, na muuguzi alipouliza jina ili aliandike kwenye kadi ya kliniki nikamjibu, "Bado."

Nilikuwa na sababu. Kwa watu wa mume wangu, kule Kumsenga, mtoto wa kwanza hupewa jina na babu yake mzaa baba, na hapewi kwa salamu za kutumwa. Baba wa mtoto humpakata kuanzia mlangoni, akamweka mikononi mwa mzee. Mzee humtazama muda anaotaka, ndipo hutaja jina. Mpaka siku hiyo mtoto ni mtoto tu. Mimi niliipenda desturi hii. Kwetu majina yanagawiwa ovyo ovyo.

Ila mzee alikuwa anaumwa kifua, na kila aliyetoka huko alikuja na ujumbe ule ule: mzee anamuuliza mjukuu. Mume wangu akaomba likizo. Akaambiwa mpaka haujatulia. Akaomba tena. Miezi ikapita, mtoto akaota meno hana jina, na wanawake wa bombani, ambao wote waliitwa mama fulani kwa majina ya watoto wao, wakaniita Mama Bado. Aliyeanzisha alitania kwa wema. Waliofuata hawakuwa na wema wowote.

Hatimaye likizo ikatoka. Ingeanza Jumamosi. Nikafua nguo zote za mtoto, nikatafuta kitambaa cheupe cha kumfunika atakapowekwa mikononi mwa babu yake. Kisha Alhamisi akaanza kuharisha, nguo zote zikachafuka, na ndani sikuwa na tone la maji, na kisimani bondeni ni mbali kumbeba mgonjwa.

Alfajiri ya Ijumaa debe langu lilikuwa la kwanza kufika. Likasogezwa, likasogezwa, mpaka likawa mkiani. Jua lilipokuwa limepanda mke wa sajini meja akafika na ndoo zake na karai la kufulia. Nikamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naomba leo nichote debe moja tu nikimbie. Mtoto anaharisha."

Akanitazama juu mpaka chini, akageukia wenzake. "Mtoto yupi? Huyo ambaye hata babu yake hataki kumpa jina?"

Wakacheka. Hata mke wa koplo alicheka, rafiki yangu. Ndoo ilikuwa imejaa, iko karibu na mguu wangu.

Nilijua kwamba nitapata balaa. Nilijiandaa kwa matusi, kwa kuitwa kwa wakubwa, hata kwa kofi. Nilikuwa na majibu tayari. Hakuna aliyekuja. Mchana akaja mume wangu, saa ambayo si yake, akasimama mlangoni.

"Likizo imefutwa," alisema. "Naenda lindo la mtoni, leo hii."

"Kwa kosa gani?"

"Wamesema mbele ya gwaride, askari asiyeweza kutawala nyumba yake hawezi kulinda mpaka."

"Lakini ndoo nimepiga mimi! Wanifunge mimi!"

"Wewe huna namba," alisema. "Jeshi halimwadhibu mtu asiye na namba."

Hiyo ndiyo sheria ambayo hakuna aliyenifundisha, wala shuleni wala unyagoni. Wanawake wote pale bombani waliijua, ndiyo maana walinyamaza. Mke wa askari akikosa, anaumia askari.

Alifunga vitu vyake taratibu. Alimnyanyua mtoto, akamnusa utosini, akanirudishia. "Ilikuwa imebaki Jumamosi tu," alisema. Hakunigombeza zaidi ya hapo. Angenigombeza ningepata mahali pa kuiweka hasira yangu. Iko nami mpaka leo.

Nasema nilijuta, lakini jambo ninalolijutia zaidi si teke. Lilikuja baadaye.

Mjini Kibondo kulikuwa na mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani, aliyekuwa na lori la kununulia maharage vijijini. Nilikwenda kwake kununua chumvi. Alikuwa ameshasikia habari zote, mji ulikuwa mdogo.

"Binti yangu," alisema, "lori langu linakwenda Kumsenga kesho. Panda mbele na dereva, umpeleke mtoto kwa babu yake."

"Haiwezekani, baba. Mtoto anapelekwa na baba yake."

"Na baba yake yuko mtoni."

"Basi nitangoja arudi."

"Utangoja wewe. Mgonjwa naye atangoja?"

Nikamwambia ni desturi. Nilisema kwa sauti ya msomi, kama vile namfundisha. Akatikisa kichwa, akanifungia chumvi. Lori likaondoka bila mimi, likaenda likarudi, likaenda tena. Mimi niliyeshindwa kuvumilia desturi ya bombani, ya ndoo kufuata cheo, hii nyingine niliishika kwa mikono miwili. Niliogopa kuonekana kwa wakwe zangu mwanamke asiye na adabu. Adabu nilikuwa nimeshaipoteza kambini, na nilitaka angalau Kumsenga niwe nayo.

Safari iliyofuata dereva wa lori hakupita dukani kwanza. Alikuja moja kwa moja getini kwetu akaniita, amevua kofia. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Mume wangu alipewa ruhusa ya msiba. Tulifika mzee ameshazikwa, udongo bado mbichi. Mama mkwe wangu alimpokea mtoto, akamtazama kwa muda mrefu, machozi yakimtoka bila sauti. Nilipiga magoti nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba baba wa mtoto hakuwapo, kwamba nilikuwa namngoja yeye ndiye amlete.

"Tulijua," alisema. "Alikuwa anauliza kila gari likipita. Mwishoni alisema, hata akiletwa na jirani, nileteeni tu."

Hakunilaumu. Alisema tu kama mtu anayeeleza alichokula mgonjwa na alichokataa. Nikatoka nje nikakaa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na mtoto nikamwacha kwa bibi yake. Hata akiletwa na jirani! Na mimi nilikuwa na lori.

Matangani hakutolewi jina. Tukarudi naye Kibondo vilevile.

Siku ya pili baada ya kurudi, mke wa sajini meja alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa na ndoo ya maji kichwani, ameibeba mwenyewe. Akaitua mlangoni akaniambia pole. Sikumkaribisha kiti. Akakaa chini kwenye mkeka.

"Mimi nilimwambia mume wangu hasira zangu tu," alisema. "Sikujua kama watagusa likizo ya mtu."

"Ulijua kwamba wataigusa."

"Nilijua wataigusa kidogo," alisema. "Mwanangu, mimi nimewatekea maji wake wa wakubwa kabla wewe hujazaliwa. Nikajiambia, sasa ni zamu yangu. Nani angeniambia zamu yenyewe ndiyo hii?"

Alipoondoka, maji yake niliyatumia, nikamwogeshea mtoto.

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba nataka kupeleka malalamiko. Nilitegemea aseme vumilia.

"Watanifanya nini tena sasa?" alisema. "Andika."

Karani wa ofisi ya kikosi hakutaka kuipokea karatasi yangu. "Mama, malalamiko ya mke huletwa na mumewe."

"Na makosa ya mke je? Nayo ni ya mumewe?"

"Ndivyo."

"Basi hayo ndiyo niliyoyaandika. Pokea."

Akakataa. Nikakaa kwenye ngazi ya ofisi, nikamtoa mtoto mgongoni nikamnyonyesha hapo hapo, maafande wanapita wanaangalia pembeni, mpaka mkuu alipokuja mwenyewe akanyoosha mkono. Nilikuwa nimeandika hivi:

*Kwa Mkuu wa Kikosi.*

*Mimi ni mke wa askari wako. Nimeandika barua hii mwenyewe na mume wangu hakunituma.*

*Nilipindua ndoo ya mke wa sajini meja bombani kwa kusudi. Mume wangu hakuwapo wala hakujua. Kwa kosa hilo alifutiwa likizo aliyokuwa amekwisha kupewa, ya kumpeleka mtoto kwa babu yake mgonjwa. Babu huyo amefariki hajamwona mtoto.*

*Simshitaki mke wa sajini meja. Nalalamika kwamba kosa langu lilihukumiwa na mimi sikuitwa wala kuulizwa. Nimeambiwa sina namba. Ni kweli sina, lakini mguu uliopiga ndoo ni wangu. Naomba kosa lile liondolewe kwa mume wangu, liandikwe kwangu.*

*Tena naomba bombani atakayefika kwanza achote kwanza. Mtoto anayeharisha hangoji vyeo.*

*Kama iko adhabu iliyobaki, nipo nyumba ya mwisho, karibu na vyoo.*

*Mtoto ni wa kike. Jina lake ningeliandika hapa, lakini bado.*