Mwanamke aliyemwongoza mume wangu ndani ya miwani ya VR

Wakuu, salamu kutoka Kibomet, Kitale, ambako mvua imekatalia juu ya mabati tangu asubuhi.

Mimi huwa nasoma tu humu na kunyamaza. Leo naandika vile mambo yalitokea, majina pekee ndiyo nimebadilisha. Mkitaka kunicheka mnicheke, lakini msome mpaka mwisho.

Mume wangu, nimwite Simiyu, alikuwa dereva wa lori la mahindi. Mtu wa maneno machache. Akirudi nyumbani anakula, anauliza watoto habari ya shule, analala. Nilikuwa nimezoea.

Mwaka jana vijana fulani wakaanzisha project pale Bungoma. Wametengeneza mji mzima ndani ya kompyuta. Unavaa ile miwani kubwa ya VR inayofunika macho, ghafla unajipata umesimama barabarani. Mji wenyewe hauko popote duniani, ndio mtu asiingie akiwa anaujua. Wanataka kuona watu hutafuta njia aje. Kuna wa kuangalia ramani kila saa, kuna wa kukariri majengo, kuna wa kuhesabu kona.

Wakatafuta madereva wa kujaribu. Simiyu akaenda Jumamosi moja.

Akarudi akiwa anaongea!

Si kuongea kidogo, bana. Aliongea mpaka ugali ikapoa. Na kila sentensi ya pili ilikuwa na Chebet ndani.

Ati Simiyu anatembea huko chini kwa barabara, na huyu Chebet, mmoja wa wale vijana wa project, anaona mji wote kutoka juu, anamwelekeza kwa sauti. Ati Chebet ana subira. Ati Chebet hachoki kurudia.

Nikauliza, "Huyo Chebet ni mama wa umri gani?"

"Ah, ni msichana tu wa huko Mlima Elgon."

Wanawake wenzangu, mnajua vile hiyo "tu" inaweza kuchoma.

Jumamosi zikaendelea. Simiyu ni mtu wa Bungoma, ramani kwake ni "lamani". Mimi nimemrekebisha tangu tuoane. Siku moja nikamsikia kwa simu akisema "lamani", na huko upande wa pili msichana akairudia, "lamani!", wakacheka wote wawili. Nilikuwa naosha vyombo. Sahani ilinitoka mkononi.

Halafu ikaja ile siku nilimpata nyuma ya jikoni, simu sikioni, sauti chini.

"Usimwambie bibi yangu kwanza. Nitamwambia mwenyewe."

Nilirudi ndani nikakaa kitandani. Sikulia. Nilianza kupanga.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia naenda Myanga kuona dada yangu. Nikaenda Bungoma.

Mahali penyewe ni chumba juu ya duka la hardware. Mlango ulikuwa wazi, nikasimama hapo. Ukutani kulikuwa na TV inayoonyesha kile aliyevaa miwani anaona. Simiyu alikuwa katikati ya chumba, macho yamefunikwa, anageuka kama mtu anatafuta kuku gizani. Msichana alikuwa kando yake na miwani yake ameinua kwa paji la uso. Amemshika kiwiko.

"Kushoto, baba. Pole pole. Geuza kichwa yote."

"Hapo?"

"Enhe, hapo hapo. Umeiona sasa?"

Na Simiyu akacheka kicheko ambacho sijui alikuwa anakiweka wapi miaka yote.

Nikaingia.

Alipotoa miwani na kuniona, alishtuka. "Mama Brian? Si ulisema Myanga?"

"Na nyinyi si mlisema ni ramani?"

Vijana wa project waliokuwa kwa kompyuta wakageuka kutuangalia. Chebet, ambaye kwa bahati mbaya ni mrembo, akanisalimia kwa heshima zote, akasema, "Mama, karibu. Kuja ujaribu, nitakuongoza."

Mbele za watu ningekataa aje? Nikavalishwa.

Wakuu, huo mji ni msafi na unatisha. Hakuna mtu. Hakuna mama wa mboga, hakuna boda. Mimi nikipotea huwa nauliza, na huko hakuna wa kuuliza isipokuwa yule msichana.

Niliambiwa nitafute kliniki.

"Mama, nenda mbele. Kona ya kwanza shika kulia."

Nikashika kushoto. Makusudi.

"Hapana mama, kulia."

Nikashika kushoto tena. Singepelekwa na yeye mahali popote, hata pa uongo.

Muda mfupi majengo yote yakawa sawa. Nikanyoosha mikono kutafuta ukuta. Nilijua niko ndani ya chumba juu ya hardware, lakini mwili wangu ulikuwa umekataa kuamini.

"Mama, usitembee. Niambie kitu kimoja tu unaona."

Nilitaka kumkatalia. Halafu uoga ukashinda kiburi. "Mnara wa maji. Wa buluu."

"Uko upande gani?"

"Kushoto."

Chebet akashangaa. "Umeuona haraka hivyo?"

"Kwani macho ni ya nini?"

Akasema polepole, kama mtu ambaye neno limemponyoka, "Mzee wako hajawahi kuuona. Kila mara anaupita."

"Chebet!" Hiyo ilikuwa sauti ya Simiyu.

Nikang'oa miwani. Msichana alikuwa ameshika mdomo. Simiyu alikuwa anaangalia sakafu.

"Mwambie," Chebet akamwambia. "Nilikuambia, usipomwambia nitamwambia mimi. Na lori uache."

Ndio Simiyu akaniambia. Kila mtu hukosa kona huko ndani, lakini yeye alikuwa anakosa za kushoto pekee. Chebet ndiye aligundua. Akamfunika jicho la kulia kwa mkono, akamuuliza anaona nini. Karibu hakuna kitu. Akamsukuma mpaka akaenda hospitali kule Lugulu, wakamwambia ni presha ya macho. Ile sehemu ya kuona iliyopotea hairudi. Dawa ni ya kulinda kilichobaki.

Na bado alikuwa anaendesha lori. Kwa sababu yetu, alisema.

Nilikaa chini pale pale. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia, sikujua nianze na gani.

Aliacha lori wiki hiyo. Sasa anapokea mahindi kwa stoo ya mtu hapa Kitale, na dawa ya macho namtilia mimi. Mshahara umeshuka, tunabanana, lakini tuko.

Lakini wakuu, wivu haukuisha. Uligeuka tu.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa mwanamke wa kuniibia mume. Sikuwa nimejitayarisha kwa mwanamke wa kumwona kabla yangu. Mimi hulala upande wake wa kushoto. Alikuwa anagonga fremu ya mlango na bega la kushoto, na mimi namwita mzembe. Msichana wa juzi, kwa Jumamosi chache, akajua.

Nilimshukuru, lakini asante yenyewe ilitoka ngumu kama mahindi makavu. Hata sasa akipiga simu kuuliza hali ya mzee, nashika mimi kwanza.

Juzi tulikuwa soko la Kitale. Simiyu mwenyewe akapitisha mkono kwa kiwiko changu, bila kuombwa. Akauliza, "Kushoto kuna nini?"

Nikamwambia, "Mama wa nyanya, mkokoteni wa kabeji, na mwalimu wa Brian anakupungia mkono."

Akageuza kichwa yote, akampungia.

Nilichojifunza ni hiki: pelekeni macho yapimwe, hasa nyinyi madereva. Na wivu ukikushika, uliza mapema, kwa sababu mimi nilikuwa nachunguza simu wakati nilipaswa kuchunguza mtu.

Sasa nisaidieni. Kuna mwenye amewahi kumwonea wivu mtu aliyemtendea mema? Uliutoa aje? Maana Chebet ameniambia atakuja kututembelea Krismasi, na mimi nimesema karibu.